Saa ya Nyakati Mbili na Bei ya Ushahidi

Tarehe 10 Desemba 2019, jijini New York, nyumba ya mnada ya Phillips iliuza saa ya mkono ya Rolex GMT-Master, toleo 1675, kwa dola 1,952,000 za Kimarekani, kamisheni ya mnada ikiwa ndani yake. Ilikuwa saa ya chuma, si ya dhahabu, wala haikuwa na almasi. Tena ilikuwa na upungufu ambao kwa fundi saa yeyote ni mkubwa: ile pete ya nje yenye tarakimu za saa 24, ambayo ndiyo humwezesha mvaaji kusoma wakati wa nchi ya pili, haikuwapo. Mwigizaji Marlon Brando aliivaa saa hiyo Ufilipino mwaka 1976, filamu ya Apocalypse Now ilipokuwa ikipigwa, na pete akaiondoa ili isivute macho ya watazamaji. Nyuma ya kasha akachora jina lake kwa mkono. Basi saa iliyobuniwa kuonyesha nyakati mbili ikabaki na wakati mmoja tu, na katika hali hiyo ya kupungukiwa ikapata bei ambayo mwenye GMT-Master ya toleo lilelile, iliyokamilika na yenye boksi lake, hawezi hata kuiota.

Ni nini hasa kilichonunuliwa siku ile? Jibu la haraka ni kwamba kilinunuliwa umaarufu. Jibu hilo lina ukweli, lakini halielezi kwa nini soko hilohilo hulipa zaidi kwa pete iliyofifia kuliko pete mpya, kwa uso wa saa uliopauka kuliko uliopakwa rangi upya, kwa risiti iliyokunjwakunjwa kuliko mkanda wa dhahabu. Hoja ninayoitetea ni kwamba katika muda wa miaka hamsini hivi minada ya saa, hasa ile ya Geneva, imebadili kitu kinachouzwa. Zamani mtu alinunua madini, au ufundi wa mtambo, au jina la kiwanda. Leo ananunua ushahidi: alama zinazothibitisha kwamba kitu hiki kilitengenezwa mahali fulani, kikavaliwa na mtu fulani, kikapita katika mambo fulani, na hakijachezewa tangu hapo. Saa za nyakati mbili zinayaonyesha mageuzi hayo kwa uwazi kuliko saa nyingine zozote, kwa kuwa tangu mwanzo zilikuwa vyombo vya kazi vilivyobeba habari za miji, mipaka na safari juu ya nyuso zao.

Katalogi za minada hupenda kuianza hadithi ya saa hizi ndani ya chumba cha rubani. Historia inaanzia mbali zaidi, tena nchi kavu. Katika dola ya Uthmaniya watu walihesabu saa kuanzia machweo: jua likizama, saa za mji huwekwa kwenye kumi na mbili na siku mpya huanza. Mabenki, balozi na makampuni ya reli ya Ulaya yaliyokuwa Istanbul yalihesabu kuanzia usiku wa manane. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana hali hiyo, maana sisi nasi tunaishi na hesabu mbili kila siku. Mwenye tiketi ya ndege mkononi anasoma 19:00 na palepale anamwambia mwenzake saa moja usiku, bila kuhitaji chombo chochote. Tofauti yetu ni saa sita na haibadiliki, na kwa kuwa pwani yetu iko karibu na ikweta, machweo ya Zanzibar hayasogei hata saa moja kamili mwaka mzima. Istanbul haikuwa na nafuu hiyo. Huko jua la kiangazi huzama karibu saa tatu baada ya lile la majira ya baridi, kwa hiyo pengo kati ya hesabu ya machweo na hesabu ya Ulaya lilikuwa likipanuka na kusinyaa mwaka mzima, na hesabu ya kichwani haikufua dafu. Hapo ndipo ilipohitajika saa yenye jozi mbili za mishale, kila jozi ikirekebishwa peke yake. Mwaka 1908 kiwanda cha Longines cha Saint-Imier, Uswisi, kilitengeneza saa ya mfukoni ya namna hiyo kwa ajili ya soko la Uthmaniya. Uturuki ilipoiacha hesabu ya machweo mwanzoni mwa mwaka 1926, haja ile ilikwisha huko. Lakini inafaa kukumbuka kwamba aliyeihitaji kwanza saa ya nyakati mbili alikuwa mtu anayeishi katika mji mmoja wenye nyakati mbili, kabla ya msafiri anayeruka kati ya miji miwili.

Reli na telegrafu nazo zilikuwa zikiilazimisha dunia kuelewana. Mkutano wa Washington wa Oktoba 1884 uliichagua Greenwich kuwa kianzio cha kuhesabia longitudo, na taratibu, nchi baada ya nchi, ramani ikagawanywa kanda za saa. Kuuingiza mgawanyo huo ndani ya kasha linalotosha mkononi kulimsubiri Louis Cottier, fundi wa Carouge, pembezoni mwa Geneva, aliyezaliwa mwaka 1894. Mwaka 1931 alibuni mtambo ambao hadi leo haujapata mpinzani kwa urahisi wake: katikati kuna mishale ya kawaida ya wakati wa nyumbani, kuizunguka kuna pete ya saa 24 inayogeuka yenyewe, na nje ya pete hiyo kuna majina ya miji. Ukiuweka mji wako juu, kwenye kumi na mbili, unasoma kwa mtazamo mmoja saa ya miji yote mingine. Patek Philippe walimwajiri kwa kazi hiyo, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 zikatoka saa zao zenye herufi HU, yaani saa za dunia nzima: toleo 515, kisha 542, kisha 1415 la mwaka 1939. Mwaka 1953 likaja toleo 2523, lenye vichwa viwili vya kuzungushia, cha kulia kwa kutia ufunguo na kuweka saa, cha kushoto kwa kugeuza miji. Baadhi ya saa hizo zina ramani ya bara iliyochorwa kwa enameli katikati ya uso. Kwa macho yangu hakuna saa ya mkono iliyowahi kutengenezwa yenye ulinganifu mzuri kuliko hiyo, ingawa ilipokuwa mpya wanunuzi wake walikuwa wachache.

Pete ya miji ndiyo inayoifanya saa ya Cottier kuwa hati ya kihistoria, na hapa hoja ya ushahidi inaanza kuonekana kabla hata hatujafika mnadani. Tangu mwaka 1911 Ufaransa ilifuata wakati wa Greenwich. Jeshi la Ujerumani lilipoikalia mwaka 1940, saa za Paris zikasogezwa mbele zilingane na za Berlin, na baada ya vita hazikurudi zilikokuwa. Kwa hiyo saa ya mwaka 1939 inayoiweka Paris safu moja na London haikukosea; inasema kweli ya siku zake. Mtu akiibadilisha pete hiyo kwa pete mpya ili saa iwe sahihi, ameharibu kitu ambacho hakuna fundi atakayeweza kukirudisha. Pete hizohizo pia husema kwa kunyamaza. Mtambo wa Cottier uligawa dunia vipande 24 vilivyo sawa, na nchi ambazo tofauti yake na Greenwich haikuwa saa kamili hazikupata nafasi ya kweli. India, yenye tofauti ya saa tano na nusu, haisomeki sawasawa kwenye pete hiyo. Kenya ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1940 ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, nayo isingesomeka. Chombo kilichojiita cha dunia nzima kilikuwa cha dunia iliyokubali kukatwa kwa saa kamili.

Ndege zilikuja baadaye, na zilileta chombo cha namna nyingine: kigumu, cha chuma, cha mtu ambaye kosa la saa moja lingeweza kuharibu hesabu ya safari nzima. Marubani walifuata saa za Greenwich hewani na saa za mji ardhini. Mwaka 1953 Glycine wa Uswisi walitoa Airman, saa ambayo mshale wake wa saa huzunguka mara moja kwa siku nzima. Katikati ya mwongo huohuo Rolex, wakishirikiana na shirika la ndege la Pan American, wakatoa GMT-Master, toleo 6542. Iliongezwa mshale wa nne wenye ncha ya pembetatu, unaozunguka mara moja kwa saa 24, na pete ya nje inayogeuzwa kwa mkono, nusu nyekundu kwa saa za mchana na nusu buluu kwa saa za usiku. Mshale ule wa nne ulikuwa umefungwa kwa mshale wa kawaida, haukwenda peke yake. Aliyetaka wakati wa pili aliupata kwa kugeuza pete. Uhuru wa mishale hiyo kwenye saa za Rolex ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa GMT-Master II, toleo 16760. Hii ndiyo sababu saa ya Brando, iliyo ya toleo la zamani, bila pete haiwezi tena kazi yake.

Pete ya 6542 ilikuwa ya bakelaiti, na tarakimu zake zilipakwa rangi inayong'aa gizani yenye madini ya mionzi. Bakelaiti ilipasuka kwa joto na kwa kugongwa. Mwaka 1959 Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani iliingilia kati kwa sababu ya strontiamu iliyokuwa ndani ya rangi hiyo, na saa zikarudishwa zikabadilishwe pete. Alumini ikachukua nafasi ya bakelaiti, na toleo 1675, lililoanza mwaka huohuo, likaendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Tukizingatia mambo hayo, mwenye saa aliyefuata maagizo alikuwa mwungwana na mwenye busara: aliipeleka saa yake ikaondolewa pete yenye hatari, akairudisha mkononi ikiwa salama. Miaka sitini baadaye ni pete ile iliyokataa kuondolewa, yenye nyufa na tarakimu zilizogeuka rangi, inayotafutwa na wakusanyaji, na saa iliyobadilishwa kwa usalama inahesabiwa imepoteza sehemu ya nafsi yake.

Ili kuelewa jambo hilo lilivyotokea, lazima kutazama jinsi saa za mitambo zilivyokufa na kufufuka. Siku ya Krismasi ya mwaka 1969 Seiko wa Japani walitoa Astron, saa ya mkono ya kwanza ya kwazi kuuzwa madukani. Usahihi ambao fundi wa Geneva aliutafuta kwa miezi ukapatikana kwa kipande cha jiwe na betri. Sekta ya saa ya Uswisi, iliyokuwa na wafanyakazi karibu 90,000 mwaka 1970, ikabaki na kama theluthi moja yao kufikia katikati ya miaka ya 1980. Saa ya mitambo haikuwa na sababu tena ya kuwapo kama chombo. Kitu kikipoteza kazi, kuna njia mbili: kutupwa, au kutazamwa upya. Osvaldo Patrizzi alianzisha nyumba ya mnada Geneva mwaka 1974, baadaye ikajulikana kama Antiquorum, na akafanya jambo ambalo minada ya vito haikuwa imelifanya kwa saa: aliziuza kama vitu vyenye historia. Tarehe 9 Aprili 1989 mnada wake mmoja ulihusu Patek Philippe peke yake, na katalogi yake ilikuwa kitabu kizito chenye picha za mitambo, namba za kasha, na maelezo ambayo wakati ule hayakupatikana kwa urahisi kwingine. Kuanzia hapo mnunuzi alisoma kabla ya kupandisha dau.

Matokeo kwa saa za nyakati mbili yalikuja polepole, kisha ghafla. Aprili 2002 Antiquorum iliuza Geneva saa ya Patek Philippe 1415 ya mwaka 1939, yenye kasha la platinamu, kwa faranga za Uswisi 6,603,500. Hakuna saa ya mkono iliyokuwa imefikia bei hiyo mnadani. Novemba 2019 Christie's ya Hong Kong iliuza 2523 ya dhahabu nyekundu yenye uso wa enameli ya buluu kwa zaidi ya dola milioni 70 za Hong Kong. Mei 2021, Phillips ya Geneva ikauza nyingine yenye ramani ya Ulaya na Asia kwa zaidi ya faranga milioni 7. Saa ambazo wanunuzi walikuwa wakizipita madukani katika miaka ya 1950 zilikuwa sasa juu ya kilele.

Hapa yupo atakayesema kwamba nazunguka bure: bei hizo ni za uadimu tu. Kitu kikiwa kimoja na wanaokitaka wakiwa kumi, bei itapanda, na hakuna haja ya kutaja ushahidi. Pingamizi hilo ni la haki na lina nguvu kwa saa ya platinamu. Lakini tuliulize swali moja: nani alijua kwamba saa ile ni adimu? Kasha halisemi kwamba halina ndugu. Patek Philippe hutunza daftari za uzalishaji wake tangu karne ya 19, na hutoa dondoo inayotaja tarehe ya kutengenezwa, aina ya madini na tarehe ya kuuzwa. Bila daftari hizo, na bila miongo ya watu kulinganisha katalogi moja na nyingine, platinamu ile ingekuwa dai la muuzaji. Uadimu wenyewe ni jambo la kuthibitishwa, na kinacholipiwa ni uthibitisho wake. Upande wa GMT-Master pingamizi linazidi kudhoofika, kwa kuwa 1675 si adimu hata kidogo. Zimejaa masokoni. Kinachotenganisha moja na nyingine ni hali ya uso: ule wa miaka ya mwanzo wenye maandishi ya rangi ya dhahabu juu ya weusi unaong'aa, au ule wa baadaye usiong'aa, ncha za walinzi wa kichwa cha kutilia ufunguo kama ni kali au zimelainishwa na mashine ya kung'arishia, nyekundu ya pete kama imekuwa ya waridi kwa jua la miaka arobaini au imebadilishwa juzi. Rolex hawatoi dondoo za daftari kama Patek, kwa hiyo mkusanyaji anausoma mwili wa saa kama mganga anavyosoma mwili wa mgonjwa asiyeweza kusema.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kama ushahidi una bei, watu wataughushi. Na wameughushi. Pete mpya huchemshwa na kuwekwa juani zipauke. Uso halisi wa saa moja huhamishiwa kasha la saa nyingine, mishale ikatoka ya tatu, na kitu kinachouzwa kama mzee wa miaka sitini kikawa mkusanyiko wa vipande vilivyokutana karakana moja. Novemba 2021 Phillips iliuza Geneva saa ya Omega Speedmaster ya mwaka 1957, yenye uso uliogeuka kahawia, kwa zaidi ya faranga milioni 3. Aliyeinunua alikuwa Omega mwenyewe, kwa ajili ya jumba lake la makumbusho. Mwaka 2023 kampuni ikatangaza kwamba saa ile ilikuwa imeungwaungwa kwa vipuri, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Hiyo si saa ya nyakati mbili, lakini kisa chake kinagusa soko zima, na asiyekiona kuwa kidonda hajali.

Hata hivyo natofautiana na wanaohitimisha kwamba ushahidi basi hauna maana. Saa ile iligunduliwaje? Walioishuku kwanza walikuwa wasomi wa saa, watu waliolinganisha namba, maandishi na umbo la kila kipuri na mifano mingine iliyochapishwa katika katalogi za miaka iliyopita. Silaha iliyoufichua ughushi ndiyo ileile iliyoupandisha bei. Kabla ya ushahidi kuthaminiwa hakukuwa na ughushi wa namna hii kwa sababu hapakuwa na wa kumdanganya: uso ukipauka, kiwanda kiliupaka rangi, na kila mtu aliridhika. Hasara ya enzi ile ya unyoofu ilikuwa kubwa kuliko ya enzi hii ya ulaghai, maana kilichofutwa na huduma ya kiwanda kilifutwa kabisa, na hakuna kesi ya kukirudisha.

Pingamizi la tatu nalikubali kwa sehemu kubwa. Viwanda vyenyewe hununua mnadani. Mwaka 2007 gazeti la Wall Street Journal liliripoti kwamba katika mnada wa saa za Omega uliofanywa na Antiquorum mwaka huo, mnunuzi wa saa iliyovunja rekodi alikuwa kampuni ya Omega. Patek Philippe, walioufungulia umma jumba lao la makumbusho Geneva mwaka 2001, nao wamekuwa wanunuzi wakubwa wa saa zao za zamani. Mwenye kiwanda akipandisha bei ya bidhaa yake ya jana, anapandisha heshima ya bidhaa yake ya leo, na bei ya mnada inayotangazwa kuwa sauti ya soko inakuwa kwa sehemu sauti ya tangazo. Minada ingeweza kulitibu jambo hilo kwa kumtaja mnunuzi aliye mtengenezaji, na kutofanya hivyo ni kosa lake lisilo na udhuru. Ila hata hapa, jumba la makumbusho likinunua, hununua kile kinachothibitika. Upotoshaji unahusu kiasi cha fedha. Haugeuzi aina ya kitu kinachotafutwa.

Swali linalonisumbua zaidi kuliko yote hayo ni la ushahidi wa nani. Mnada haulipii kila historia kwa kipimo kimoja. Hulipia rubani, mwigizaji, mwanaanga, mfalme. Tazama saa za Ghuba. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Oman, Julai 1970, saa za Rolex ziliagizwa kupitia duka la Asprey la London zikiwa na alama ya khanjari usoni au nyuma, zikatolewa zawadi kwa maofisa na askari waliotumikia dola hiyo. Ilikuwa Muscat ya miaka ambayo Waomani wengi wa Zanzibar walikuwa wakirejea, na Kiswahili kikisikika ofisini na sokoni. Falme za Kiarabu nazo ziliagiza GMT-Master 1675 zenye mwewe wa Quraish usoni. Kwa muda mrefu wanunuzi wa Ulaya waliziona alama hizo kama doa: nani anataka nembo ya jeshi la nchi asiyoijua juu ya saa yake? Zipo nyuso zilizong'olewa na kuwekwa za kawaida ili saa iuzike. Leo khanjari au mwewe huzidisha bei mara nyingi, na walioziondoa walijinyang'anya wenyewe. Mageuzi hayo yananipa sababu ya kuamini kwamba soko linaweza kujifunza kusoma historia ambayo mwanzoni halikuijali, lakini yananionyesha pia jinsi lilivyokuwa tayari kuifuta.

Atakayesema kwamba haya yote ni mchezo wa matajiri hajakosea kuhusu fedha. Saa nyingi kati ya hizi zikishauzwa huingia kwenye sanduku la benki, na mtu wa kawaida hataziona. Kinachobaki wazi ni katalogi: picha za uso, za mtambo, za kifuniko cha nyuma, na maelezo yaliyochapishwa mbele ya watu wote. Sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu saa za Cottier imekusanywa kutoka katika kurasa hizo, kwa kuwa saa zenyewe zimetawanyika duniani na nyingi hazijawahi kukaa chumba kimoja. Kwa hiyo ubora wa katalogi si suala la wanunuzi peke yao, na ndipo ninapowadai wanaoendesha minada kitu kimoja wanachoweza kukitoa bila gharama kubwa. Mafundi saa wana desturi ya zamani ya kukwaruza ndani ya kifuniko cha nyuma tarehe ya huduma na alama yao, kwa maandishi madogo ambayo mwenye saa hayaoni kamwe. GMT-Master iliyofanya kazi miaka thelathini inaweza kuwa na mikwaruzo mitano au sita ya namna hiyo, kila mmoja wa karakana yake. Ni daftari la maisha ya saa lililoandikwa na watu ambao hawakutarajia kusomwa, na kwa saa ya Rolex isiyo na dondoo ya kiwanda, mara nyingi ndilo daftari pekee lililopo. Katalogi hutaja jina la mmiliki maarufu kwa herufi kubwa na kuipitia mikwaruzo hiyo kwa neno moja, au kuiacha kabisa. Nyumba ya mnada inayouza ushahidi ipige picha kila alama ya fundi, iichapishe karibu na picha ya uso, na iseme ni pete gani, mshale gani na kioo gani vilibadilishwa kwa kadiri alama hizo zinavyoonyesha.